Mvua ya Jumapili

Mtaa wa Rengua, ghorofa ya pili, feni moja.
Nalipwa kwa ukurasa
kuingiza mvua za zamani kwenye kompyuta.
Madaftari yalishuka kutoka Mbokomu ndani ya gunia la kahawa,
bado yananuka moshi wa jikoni.
Tarehe, milimita, sahihi. Tarehe, milimita, sahihi:
E. Mlay, E. Mlay, E. Mlay,
mkia wa y umepinda kama ndoano.

Mwezi wa pili wa kazi, profesa aliinua mchoro dirishani.
Tazama, akasema, kuna mdundo:
kila siku ya saba mbingu inapumzika,
kisha Jumatatu inamwaga maradufu.
Macho yake mekundu kwa kukesha.
Akautaja upepo wa kusi, akaitaja theluji ya Kibo,
akasema jambo hili halijaandikwa popote.
Nilitaka kucheka, nikakohoa.

Nimelelewa Mbokomu, profesa.
Eliamringi Mlay alikuwa sauti ya besi kwenye kwaya.
Kengele ya kwanza ikilia, suti moja, viatu vimeng'aa,
nani angemwona ameinama kati ya masale
anapima maji ya mkebe wa shaba?
Fomu ya serikali haikuwa na mahali pa kuandika
sikuwepo.
Akaandika sifuri.
Mvua ya Jumapili ikalala mkebeni
hadi Jumatatu iipe jina lake.

Lakini kuanzia mwaka hamsini na nane
Jumapili zinaanza kulowa.
Milimita nne. Kumi na moja. Masika moja, sitini na tatu.
Sahihi ni ileile, E. Mlay,
ila saba zimefungwa mshipi kiunoni
na mkia wa y umenyooka.
Miaka minane hivyo, kisha sifuri zinarudi.

Mwandiko tofauti, alisema profesa,
hatujui ni nani. Miaka hiyo iondoe,
inaharibu mdundo.

Jumamosi nikaenda Kiboriloni.
Aikande, binti wa Mlay, anauza mashuka ya mitumba,
alinijibu huku anakunja, hakuniangalia.
Ni mama. Ni Ndetaulwa.
Babu alipofariki ukoo ulitaka mbege ya tambiko,
ndizi zake, ulezi wake, mikono yake.
Usharika ukasikia. Wakamtenga aliyepika.
Waliokunywa?
Waliokunywa walikuwa wazee wa kanisa, mwanangu.
Baba alikunywa vibuyu viwili, akaenda kuimba besi.

Basi Jumapili mama alibaki na ng'ombe, na sisi wadogo,
na ule mkebe.
Alisema maji yakikaa yanapungua,
jua linayanywa, naye hapendi hesabu ya uongo.
Mshahara alipokea baba. Shilingi kumi na mbili.
Siku waliyomrudisha kwenye Meza ya Bwana
alivaa kitenge kipya, akalia njia nzima,
na mvua ile ya Jumapili hakuna aliyeipima.
Shuka hili unachukua? Nitakupunguzia.

Nilichukua. Lina maua ya bluu, nalilalia.

Jumatatu nikamweleza profesa yote.
Alisikiliza vizuri, kalamu mkononi, mpaka kwenye mbege.
Akauliza, una ushahidi wa maandishi?
Nikamwonyesha saba zenye mishipi.
Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa.
Akasema tutaona. Akasema mfadhili anasubiri mchoro.
Akatoka kwenda kula.

Dirishani mnara wa saa ulikuwa umechelewa dakika sita
na watu walivuka barabara kwa saa hiyohiyo.

Miaka minane sijaifuta bado.
Kwenye kila Jumapili kuna kisanduku cha maelezo,
nafasi ya herufi ishirini, hakiongezi.
Nilijaribu kuandika mbege, nikajaribu kanisa,
nikajaribu kutengwa ni nini.
Mwisho nikaandika
Mke alibaki nyumbani
nikahesabu, pamoja na nafasi zake: ishirini kamili.
Jina lake halikuenea.
Nikabonyeza. Nikaenda Jumapili inayofuata.